Dada Aliyerudi Mahameni

Mwaka ule vuli hazikunyesha kabisa, na masika yalipofika yalileta mawingu tu. Nilikuwa na miaka sita hivi. Tulikaa Handeni, upande wa Mazingara, katika nyumba chache zilizotawanyika porini, kila moja na shamba lake. Kumfikia jirani wa karibu ilibidi upite kichaka na bonde. Baba alikuwa amelima pale tangu ujana wake. Nyuma ya jiko la mama palikuwa na kaburi dogo la mtoto wao wa kwanza, msichana aliyefariki kabla dada yangu na mimi hatujazaliwa. Mama alilizungushia mawe, na kila Ijumaa alifagia pale kabla ya kufagia uwanja.

Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, mpaka muhogo nao ukaisha, kisha wanawake wakaanza kuingia porini kuchimba mizizi mwitu, ile inayolowekwa mtoni mpaka sumu itoke. Baadaye serikali ilileta unga wa njano kutoka nje. Watu walisema huko ulikotoka ni chakula cha ng'ombe. Tuliupangia foleni, tukaula.

Ndipo alipokuja mama wa Mnyuzi. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa Mshambaa aliyeolewa kule, karibu na reli, na miaka ya neema alizoea kupita kwetu kununua kuku na mahindi ya kwenda kuuza. Safari hii hakuwa na cha kununua. Alikaa jikoni na mama, akatuangalia sisi watoto kwa muda mrefu.

"Dada yangu," alimwambia mama, "kwangu ndizi zipo, na mto haujakauka. Nipe huyu mkubwa. Atanisaidia kubeba mtoto, na atakula wanachokula wanangu. Mvua zikirudi, njooni mmchukue."

Mdogo wetu wa kiume alikuwa kifuani kwa mama, ananyonya titi lisilotoa kitu. Baba ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni.

"Siyo kwamba tunamtoa. Anakwenda kula tu."

Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakulia. Alifunga kifurushi chake, akaniambia yule kuku mwekundu aliyebaki ni wangu mpaka atakaporudi, nisikubali achinjwe. Wakaondoka asubuhi ile ile, mama wa Mnyuzi mbele na dada nyuma yake. Kuku alichinjwa wiki hiyo hiyo.

Mvua zilirudi mwaka uliofuata. Mahindi yalipotoa mbelewele, mama alianza kuhesabu safari ya Mnyuzi kama kitu cha kesho. Lakini kabla hatujavuna, ikaja operesheni ya kuhamishia watu vijijini.

Nataka niseme ukweli kuhusu baba. Hakuwa mtu wa kupinga. Usiku wa Uhuru alikuwa Handeni mjini, na mama alisimulia mpaka uzeeni jinsi alivyorudi kesho yake hana viatu, sauti imekauka kwa kuimba. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule na zahanati na maji ya bomba, na aliyaamini hayo kwa sababu alikuwa amemzika mtoto ambaye zahanati ingemponyesha. Mkutano ulipoitishwa kutuambia tuhame, yeye alikaa mstari wa mbele. Aliinuka mara moja tu, kuuliza.

"Ndugu mwenyekiti, mimi nina binti yuko Mnyuzi kwa watu. Tukihama, atatupata wapi?"

"Mzee, kijiji hakijifichi," alijibu bwana aliyetoka wilayani. "Atauliza, ataonyeshwa."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akakaa.

Malori yalikuja siku chache baadaye. Tulipakia vitanda, kinu, mitungi, mbuzi wawili. Mama alikwenda nyuma ya jiko, akainama juu ya yale mawe, na ilibidi baba amfuate amshike mkono. Tulipokuwa tayari tumepanda, vijana wa mgambo walichoma paa la nyumba, ili mtu asiwe na hamu ya kurudi. Walijaribu kuchoma na jiko, lakini makuti yake yalikuwa yamelowa mvua ya jana, yakatoa moshi yakazimika. Wakaliacha. Lori lilikuwa linasubiri.

Kijiji kipya kilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kilipimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa mistari. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia watu wengine wakikohoa nikiwa kitandani kwetu. Mashamba yetu ya zamani yaliachwa na muhogo wake ardhini na mahindi yake mabichi, na kule tulikotoka hatukuita tena kwetu. Tuliita mahame, kama watu wanavyoita mahali palipohamwa.

Baba alipanga kwenda Mnyuzi. Ikawa kwanza nyumba isimame. Kisha ikawa zamu ya shamba la kijiji, ambako kutoka bila ruhusa kulileta maneno. Kisha homa ikamlaza. Alimwagiza utingo wa lori la mbao aliyekuwa anapita Segera kwenda Korogwe: akifika Mnyuzi amwambie mama fulani, mke wa fulani, kwamba tumehama na tunakuja. Utingo alisema, "Nitafikisha, mzee." Hatukumwona tena.

Ilikuwa wakati wa kuvuna ndipo maneno ya mahame yalipoanza. Watu walikuwa wakipewa ruhusa kurudi mchana kwenye mashamba ya zamani kuchukua mazao. Mama mmoja alirudi mbio akiwa amelitupa kapu lake. Alisema ameona moshi kwenye jiko letu. Baada yake mzee mmoja alisema amesikia kinu kikitwangwa, na kinu chetu tulikuwa nacho kijijini, kwa hiyo huko kilichokuwa kikitwangwa ni nini? Wakasema ni mizimu imechukia kuachwa peke yake. Viongozi wa kijiji hawakuyakanusha sana maneno hayo. Yaliwafanyia kazi waliyokuwa wakihangaika nayo, kwani ghafla hapakuwa na mtu aliyetaka kurudi alikotoka.

Baba alicheka aliposikia. Lakini homa ilipomwachia alikwenda kuchimba muhogo, na aliporudi hakuwa na muhogo.

"Nimeona," alimwambia mama. Mimi nilikuwa napepeta chooko karibu yao. "Kimesimama nyuma ya jiko. Kimevaa nguo nyeupe."

"Kina ukubwa gani?" mama aliuliza.

Baba alionyesha kwa mkono kutoka ardhini. "Kadiri ya mtoto."

Mama aliweka chini alichokuwa ameshika. Hakuna aliyelitamka, lakini hata mimi nilielewa. Ni nani mwingine aliyebaki kule, nyuma ya jiko, mwenye nguo nyeupe, kama siyo yule tuliyemwacha chini ya mawe?

Alhamisi mama alipika wali, mchele ambao sijui aliupata wapi, akautia nazi. Aliupakua kwenye bakuli lake la bati lenye maua ya bluu, lile alilopewa siku ya harusi, akalifunika kwa kitambaa. Mwalimu wa madrasa alimsomea baba dua, akamwagiza aweke chakula ukingoni mwa uwanja mchana kweupe, aseme maneno ya kuomba radhi, aondoke. Akamwonya jambo moja: akiitwa, asigeuke na asiitike.

Baba alirudi alasiri. Mama alimpa maji. Aliyanywa yote.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

"Umesema maneno?"

"Nimesema." Kisha akasema, akiangalia chini, "Niliitwa."

"Uliitwaje?"

"Baba. Niliitwa baba, mara mbili."

"Ukafanyaje?"

"Nilikimbia," alisema baba.

Mama alilia kimya kimya siku nzima iliyofuata. Alikuwa akimlilia yule wa kwanza. Ndiyo maana, nadhani, moyo wake ukamgeukia wa pili, akasema hangoji tena zamu wala ruhusa. Alimbeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukatembea hadi barabara kuu na kupata gari la kwenda Segera, na kutoka Segera tukapata lingine. Nilipofika Mnyuzi nilikuwa nimeitapikia nguo yangu yote.

Mama wa Mnyuzi alikuwa anaanua nguo. Alituona, akafurahi, akaja mikono mbele. Kisha nikamwona akiangalia nyuma yetu, kama mtu anayetafuta anayechelewa.

"Mbona hamkuja naye?" aliuliza.

Mama hakuelewa. "Kuja na nani?"

"Na binti. Si alishafika?"

Nakumbuka kwamba treni ilikuwa inapita, na wote wawili walinyamaza kuisubiri imalizike. Ilikuwa ndefu, ya mizigo. Ilipopita, mama wa Mnyuzi alieleza haraka haraka, maneno yakikanyagana. Mvua zilikuwa zimerudi, sisi hatujatokea, na mtoto alikuwa ameacha kula, kila siku anakaa njiani. Aliona siyo vizuri kumzuia mtoto wa mwenzake. Alimpeleka mwenyewe Segera, akampandisha basi, akamkabidhi kwa kondakta, amshushe kwenye njia ya kwetu. Njia aliijua, si mjinga. Alimpa na zawadi za kumletea mama yake: ndizi, chumvi, kiberiti.

"Lini?" mama aliuliza.

"Kabla ya mahindi kukomaa."

Mama aliketi pale pale, kwenye vumbi. Aliuliza swali moja tu, na alivyouliza nilijua anajua jibu.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la kanisani la binti yangu," alisema mama wa Mnyuzi. "Jeupe. Nilitaka arudi kwenu amependeza."

Tulirudi tukashukia njiani, hatukupitia kijijini. Mama alikwenda mbele akiita jina la dada tangu kwenye kichaka cha kwanza. Mahame yalikuwa yameanza kuota nyasi. Kuta za nyumba zilikuwa zimesimama nyeusi, wazi juu. Lakini uwanja wa jiko ulikuwa umefagiwa, na mistari ya ufagio ilionekana mpaka kwenye kaburi, nalo limefagiwa. Ndani palikuwa na mafiga matatu, majivu baridi, na shimo ardhini na mchi wa mti mbichi ambao mtu asiye na kinu alikuwa akitwangia. Bakuli la mama lilikuwa limeoshwa, limefudikizwa juu ya figa.

Mama aliita mpaka sauti ikaisha. Kisha nikaita mimi.

Baba alipoambiwa aliinuka pale pale. Alichukua panga akaenda kule mwenyewe, akalala huko, na siku nyingi akaenda na kurudi, na hakuna mwenyekiti aliyethubutu kumuuliza ruhusa. Tulitoa taarifa kituo cha polisi, tukaambiwa watu wengi wamehama na wengi wanatafutana, tusubiri. Kijijini wapo waliotupa pole, na wapo walioendelea kusema ulikuwa ni mzimu, na kwamba huzuni imemvuruga mama akili. Mahame yetu yakabaki na sifa yake. Hata leo wapo wazee wasiopita pale.

Baba alibadilika kwa namna moja ambayo watoto wa kijiji waliigeuza mchezo. Kijijini nyumba zimebanana, na siku nzima kuna mtoto anaita "Baba!" mahali fulani. Kila alipoisikia, hata akiwa kazini, hata akiwa katikati ya mazungumzo na wageni, baba aligeuka na kuitika, "Naam!" Watoto walijificha nyuma ya migomba wakamwita ili wamwone akigeuka. Aliitika kila mara. Sikuwahi kumwona amekasirika.

Nilikuwa darasa la saba habari ilipokuja. Mtu wa kijijini kwetu alikuwa amekula kwenye kibanda cha mama lishe stendi ya Korogwe, na msichana aliyempakulia alimfanya aache kula. Aliporudi alimwambia mama, "Ni wewe, isipokuwa umerudi ujanani."

Tulikwenda mama na mimi. Alikuwa anaosha sahani. Aliinua uso, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akafuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. Dada alimshika mkono, akafuta benchi kwa kitambaa kama anavyofanyiwa mteja, akamkalisha. Alituletea wali na maharage. Mama aliiacha sahani ilivyo. Wateja walikuwa wakiingia na kutoka, na dada aliendelea kuwahudumia, akirudi kwetu kila baada ya muda kuuliza kama tunahitaji maji.

"Twende nyumbani," mama alimwambia.

"Nyumbani ni wapi, mama?" dada aliuliza. Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Nasikia mlihama."

Hakuja. Mwenye kibanda alikuwa mjane aliyemkuta Segera akiwa anaomba maji ya kunywa, akamchukua, akamlea, na sasa mjane yule alikuwa na macho mabovu. Dada alisema hawezi kumwacha peke yake. Mama alikubali.

Mambo mengine aliniambia mimi, miaka ya baadaye, nilipokuwa Korogwe nikisomea ualimu na kwenda kibandani kwake kila Jumamosi. Aliyasema kidogo kidogo, akiwa anachagua maharage, na sikuthubutu kumuuliza zaidi ya alichotoa. Alifika jua linazama akaona nyumba imeungua. Alidhani tumekufa ndani. Alifukua majivu kwa kijiti kututafuta, na alipokosa mifupa akafurahi. Alikwenda kwa majirani akakuta nako hakuna watu. Alama za malori zilikwenda pande zote. Akasema moyoni, mahindi yapo, watakuja kuvuna, nikae. Usiku alijifungia kwa kuegemeza mchi mlangoni, kwa ajili ya fisi. Watu walikuja kweli, lakini kila aliyemwona alipiga kelele na kukimbia, naye hakujua kwa nini. Akaanza kujichunguza kama ana ugonjwa usoni.

"Halafu nikamwona baba," alisema.

Dada alikuwa akitoka kisimani. Aliutambua mgongo wa baba, koti lake, namna anavyoburuta mguu mmoja. Aliita. Aliona kabisa kwamba amesikia, kwa sababu mabega yalishtuka. Aliita tena, na baba akatimua mbio. Alimfuata mpaka kwenye kichaka akaanguka. Aliporudi akaliona bakuli.

"La maua ya bluu," alisema. "Wali wa nazi wa mama bado una joto kidogo. Nikajua mko hai, mko karibu, mnajua niko hapa. Mmeniletea chakula, lakini hamnitaki."

"Hawakujua ni wewe," nilimwambia.

"Najua. Nilikuja kujua." Aliendelea kuchagua maharage. "Lakini miaka yote ile nilikuwa nimejua vingine."

Baba alikwenda kumwona mara moja tu. Dada alinisimulia. Baba alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka kibanda kinafungwa. Mwishoni akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani..." Dada akamjibu, "Najua, baba." Wakaishia hapo. Dada alimsindikiza hadi kwenye basi, akamnunulia machungwa ya njiani.

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na kwa miaka mingi nimefundisha watoto habari za vijiji vya ujamaa. Nimewasomea faida zake ubaoni, na sikuwa nadanganya. Mimi nisingesoma kama tungebaki kule porini. Shule ya karibu ilikuwa mbali mno kwa miguu ya mtoto. Mdogo wetu aliugua surua akapona, kwa sababu zahanati ilikuwa nyumba ya sita kutoka kwetu. Nimewasikia pia wasomi wakizilaani operesheni zile, na wao nao hawadanganyi. Kila ninaposikia upande wowote ukizungumza, huwa namwona dada kwenye uwanja aliofagia, akingoja watu waje kuvuna. Sijapata mahali pa kumweka katika hesabu za upande wowote. Kuna njaa iliyomwondoa, na mvua iliyomrudisha, na mpango mzuri uliopita katikati wakati yeye hayupo. Hata mzimu wenyewe ulitokana na watu wema waliokuwa na hofu.

Dada bado yuko Korogwe. Ana wajukuu. Mwezi uliopita nilikuwa kwake, na mmoja wao, yuko kidato cha pili, alikuwa na kazi ya nyumbani ya kuwahoji wazee waliohamia vijiji vya ujamaa. Alimfuata bibi yake na kalamu mkononi.

"Muulize bibi yako mwalimu," dada alimwambia, akinionyesha mimi. "Mimi sikuwepo."

Nilimweleza kijana. Malori, kamba za kupimia, shule, shamba la kijiji. Aliandika kwa bidii. Dada alikuwa barazani anapepeta mchele, na nilijua anasikia kila neno.

"Na je," kijana alisoma swali la mwisho, "kuna watu waliobaki nyuma?"

Niliangalia barazani. Ungo wa dada ukanyamaza.

"Andika hakuna," dada alisema kutoka barazani.

Kijana akanitazama mimi, mwalimu, kuona kama hilo ndilo jibu. Sikuitikia wala kukataa. Akasubiri kidogo, kisha akaandika.